Gliserini ya Shosho

Kwenye kimeza kando ya kitanda cha shosho yangu kule Nyeri, baina ya Biblia na redio ya betri, kulikuwa na chupa ndogo ya gliserini. Kila jioni baada ya kuoga alimimina matone machache kiganjani, akaongeza maji kidogo, akasugua, kisha akatupaka sisi wajukuu kuanzia mashavuni hadi visiginoni. Si mnajua baridi ya Julai kule? Ngozi hupasuka kama tope la mto uliokauka. Vaselini ilikuwa ya wageni na ya siku ya kwenda kanisani. Gliserini ilikuwa ya kila siku.

Nikiwa darasa la tatu, nilibaki peke yangu chumbani mle nikaifungua ile chupa na kuonja. Ilikuwa tamu. Haukuwa utamu wa asali wala wa miwa. Ulikuwa mzito, ukaupasha ulimi joto kidogo, halafu ukapotea. Nilikuwa napanga kuonja mara ya pili shosho alipoingia. Hakunichapa. Alininyang'anya chupa, akaifunga, akasema, "Si kila kitu kitamu ni chakula." Na usiku ule wote, kila nilipopita karibu naye, aliniuliza swali moja tu: "Umekojoa?"

Nilidhani ni mambo ya wazee. Ilinichukua zaidi ya miaka ishirini kuelewa kwamba lile ndilo swali lililokuwa la maana.

Aprili 2024, Nairobi. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya kukata barabara, na madaktari wa hospitali za umma walikuwa wamegoma tangu Machi. Dada yangu alinipigia simu saa tatu usiku. "Umeona kile kitu kwa grupu ya familia?" Nilikuwa nimekiona, lakini mnajua vile tunavyochukulia ujumbe ambao umesambazwa mara nyingi. Huu haukuwa umbea. Bodi ya Famasia na Sumu ilikuwa imetangaza kuondolewa madukani kwa bechi moja ya dawa ya kikohozi ya watoto. Siku moja tu kabla, wakaguzi wa dawa wa Nigeria walikuwa wamesema maabara yao imekuta ndani yake kiwango kikubwa cha kemikali inayoitwa daiethilini glaikoli.

Mpwa wangu alikuwa na miaka miwili na nusu na kikohozi cha wiki nzima. Chupa ya dawa ya jina lile lile ilikuwa kwenye kabati la jikoni. Dada yangu alikuwa amempa kijiko asubuhi na kingine jioni.

"Soma nambari ya bechi," nilimwambia.

Kimya. Halafu: "Haisomeki. Dawa imemwagikia lebo, nambari imefutika."

Nilichukua bodaboda kwenye mvua ile ile hadi kwake Umoja. Tuliiweka chupa juu ya meza tukaimulika na tochi ya simu kama watu wanaokagua noti bandia. Nambari haikuonekana. Tulichoweza kusoma ni orodha ya vilivyomo, na humo nikakutana na rafiki wa utotoni: gliserini. Karibu yake palikuwa na jina jingine, sorbitoli. Tulimpigia daktari mmoja tuliyesoma naye. Akauliza mambo matatu: mtoto anatapika? Analala kupita kiasi? Kisha, "Amekojoa?"

Alituambia tukapime figo asubuhi kituo kitakapofunguliwa, na usiku ule tuhesabu nepi. Nepi ikikaa kavu, tusingoje asubuhi.

Basi tulikaa. Kati ya nepi na nepi, nilianza kusoma.

Gliserini na sorbitoli ni ndugu. Wote wako kwenye ukoo ambao wanakemia huuita alkoholi za sukari, jina ambalo linawakosea pande zote mbili, kwa sababu si pombe na si sukari. Kwenye kemia, alkoholi ni ukoo mpana. Yeyote aliye na oksijeni na haidrojeni zilizoshikana kwenye kaboni yake anaingia. Ile ya kwenye chupa ya bia ni mwanaukoo mmoja tu mwenye kelele nyingi. Hawa wa sukari hawaleweshi. Wamejengwa kama sukari, ila kila kaboni imevaa pete yake ya alkoholi. Gliserini ina kaboni tatu na pete tatu. Sorbitoli ina sita.

Pete hizo hupenda maji sana, huyavuta na kuyashikilia. Ndiyo maana ngozi iliyopakwa gliserini haikauki, keki ya harusi inabaki laini hadi siku ya kukatwa, na dawa ya meno haigandi ndani ya tyubu hata ukisahau kuifunika. Na kwa kuwa ulimi unazitambua kama sukari, dawa chungu ya mtoto inamezeka. Fungua kabati lako la bafuni usome lebo. Losheni, sabuni, dawa ya meno, dawa ya kusukutua mdomo. Nenda jikoni: chingamu isiyo na sukari, biskuti za wenye kisukari. Kwenye vyakula vya kutoka Ulaya utazikuta zimejificha nyuma ya nambari: E422 ni gliserini, E420 ni sorbitoli, E967 ni zailitoli. Tunaishi nazo kila siku bila kufahamiana.

Aliyeionja gliserini kabla yangu, na kwa sababu bora kuliko zangu, alikuwa mfamasia wa Uswidi aliyeitwa Carl Wilhelm Scheele. Mnamo 1779 alichemsha mafuta ya zeituni pamoja na oksidi ya risasi, akabaki na maji mazito, akayatia mdomoni. Wanakemia wa siku hizo walionja karibu kila walichokitengeneza, na Scheele alikufa akiwa na umri wa miaka 43 tu. Aligundua kwamba ndani ya mafuta, kitu ambacho hakuna anayekiita kitamu, kumejificha utamu. Baadaye Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyechunguza mafuta kwa miaka mingi, alikipa jina gliserini kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya tamu.

Kwa muda mrefu hakikuwa na thamani kubwa. Ukipika sabuni kwa mafuta na magadi makali, gliserini inabaki kwenye maji machafu, na watengenezaji wengi waliyamwaga. Mambo yalibadilika 1847, pale Ascanio Sobrero wa Turin alipoichanganya na asidi kali, akapata nitrogliserini, mafuta yanayolipuka ukiyatikisa tu. Sobrero mwenyewe aliyaogopa. Alfred Nobel hakuogopa vya kutosha. Mnamo 1864 karakana ya familia yake mjini Stockholm ililipuka na kumuua mdogo wake, Emil. Miaka mitatu baadaye Nobel alisajili njia ya kuyatuliza kwa kuyachanganya na udongo laini, akaiita dainamaiti. Nitrogliserini hiyo hiyo, kwa kipimo kidogo sana, ikawa dawa ya maumivu ya moyo, na uzeeni Nobel mwenyewe aliandikiwa na daktari aitumie.

Kuanzia hapo kila vita kubwa ilitafuta gliserini. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia Wajerumani, wakiwa wamezingirwa na kukosa mafuta, waliitengeneza kwa kuchachusha sukari. Mnamo 1942 serikali ya Marekani iliwaomba akina mama wa nyumbani wasimwage mafuta ya kukaangia, wayapeleke kwa muuza nyama, kwa sababu ndani yake mlikuwa na gliserini ya mabomu.

Nilipofika hapo saa ilikuwa sita na nusu. Nepi ilikuwa kavu. Dada yangu alikuwa amekaa sakafuni, mkono mmoja kwenye kifua cha mtoto. "Sawa, lakini hiyo ni gliserini," alisema. "Kwani gliserini ndiyo mbaya?"

Hapana. Hilo ndilo lililonikalisha macho. Gliserini ni miongoni mwa vitu salama zaidi kwenye rafu za famasia. Miili yetu wenyewe inaitengeneza na kuivunja kila siku kila inapogusa mafuta. Tatizo ni kwamba ina pacha bandia.

Daiethilini glaikoli ni kiowevu kisicho na rangi wala harufu, kizito, kitamu. Ukiziweka glasi mbili mezani, ya gliserini na ya hiki, macho yako hayawezi kuamua, na ulimi wako pia utadanganyika. Hutumika viwandani, na ni cha bei nafuu kuliko gliserini safi. Ukikimeza, ini linakigeuza kuwa asidi, na asidi ile inaua chembe za figo. Mtu haanguki papo hapo. Anatapika, tumbo linamuuma, na baada ya siku moja au mbili mkojo unakatika.

Historia yake inaanzia Tennessee, Marekani, 1937. Sulfanilamaidi ilikuwa dawa mpya ya ajabu ya kuua bakteria, ila ilikuwa ya vidonge na unga, na wateja waliitaka ya maji. Mkemia mkuu wa kampuni ya S. E. Massengill aligundua kwamba inayeyuka vizuri kwenye daiethilini glaikoli. Akaongeza ladha ya tunda la rasiberi. Wakapima rangi, harufu na ladha, na vyote vikawa sawa. Hakuna aliyepima kama inaua, kwa sababu sheria ya wakati huo haikumtaka mtu apime. Waliiita Elixir Sulfanilamide, wakaisambaza. Kabla ya mwaka kwisha watu 105 walikuwa wamekufa, 34 kati yao wakiwa watoto.

Wakaguzi wa serikali waliingia barabarani, kaunti kwa kaunti, wakifuata stakabadhi na kugonga milango wakitafuta kila chupa. Na sheria waliyokuwa nayo mkononi ilikuwa nyembamba ajabu: kosa walilolishika ni jina. Neno "elixir" lilimaanisha dawa yenye pombe ndani, na hii haikuwa na pombe. Kama ingeitwa jina jingine, wasingekuwa na njia ya wazi ya kuikamata. Mama mmoja wa Tulsa, aliyempoteza binti wa miaka sita, alimwandikia Rais Roosevelt barua kumwomba azuie mauzo ya dawa za namna hiyo. Mwaka uliofuata, 1938, Marekani ilipitisha sheria iliyotaka dawa mpya ithibitishwe kuwa salama kabla ya kuuzwa. Mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Chicago aliyesaidia kuijaribu dawa ile kwa wanyama aliitwa Frances Kelsey. Miaka zaidi ya ishirini baadaye, akiwa mkaguzi wa serikali, alikataa kuidhinisha thalidomaidi, ambayo kwingineko ilifanya maelfu ya watoto wazaliwe na viungo visivyokamilika.

Ningependa kuwaambia kwamba mambo yaliishia hapo. Sheria ile ililinda nchi moja. Nyingine zilijifunza upya, kila moja kwa watoto wake.

Cape Town, 1969: watoto saba, dawa ya kutuliza. Nigeria, 1990: watoto 47, dawa ya homa. Bangladesh, mwanzoni mwa miaka ya tisini: dawa ya homa tena. Haiti, 1995 na 1996: zaidi ya watoto 80. Kule Haiti wachunguzi walifuata nyayo za gliserini iliyotumika, wakapita kwa wafanyabiashara wa Ulaya hadi Uchina. Pipa lilikuwa limeandikwa gliserini. Cheti kilisema gliserini. Kila mfanyabiashara aliyeliuza aliamini karatasi aliyopewa na aliyemtangulia, akaandika yake juu yake. Hakuna aliyelifungua pipa akapima.

Panama, 2006: hadithi ile ile karibu neno kwa neno. Mapipa 46 yalitoka Uchina, yakapitia Hispania, na maabara ya serikali ikayatumia kutengeneza dawa ya mafua isiyo na sukari ambayo hospitali za umma ziliwapa wagonjwa, wengi wao wazee. Familia nyingi za Panama bado zinawalilia jamaa zao.

Mwaka uliofuata, 2007, katika nchi ile ile, mfanyakazi mmoja wa serikali aliingia dukani kununua vitu vyake vidogo vidogo. Akaiona dawa ya meno ya bei ya chini, akaigeuza kusoma lebo. Ilikuwa imeandikwa waziwazi, kwa herufi ndogo: daiethilini glaikoli. Watu wengi walikuwa wamepita kwenye rafu ile. Yeye alilikumbuka jina hilo kutoka habari za vifo vya mwaka uliopita, akanunua tyubu moja, akachukua siku ya likizo, akazunguka ofisi za serikali akiwa nayo mfukoni hadi akapata wa kumsikiliza. Kisa hicho kilifanya nchi nyingi duniani zianze kukagua dawa za meno, na tyubu za namna hiyo zikapatikana katika mabara kadhaa. Huyu jamaa hakuwa mkemia. Alisoma tu kile ambacho sisi wengine hatusomi.

Nigeria tena, 2008: watoto 84, dawa ya wanaoota meno. Halafu 2022. Gambia, karibu watoto 70, wengi wao wadogo kuliko mpwa wangu. Indonesia, karibu 200. Uzbekistan. Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari yake ya kwanza Oktoba 5, 2022, na kufikia Januari iliyofuata lilihesabu vifo zaidi ya 300 katika nchi hizo tatu, wengi watoto wa chini ya miaka mitano. Kule Gambia wazazi walisimulia mambo yale yale: homa ya kawaida, kijiko cha dawa, halafu mtoto anaacha kukojoa.

Ukiziweka nchi hizo kwenye mstari unaanza kuona kinachozifanana. Kila mara kuna kitu salama ambacho bei yake imepanda au hakipatikani kwa urahisi. Kila mara kuna pacha wake wa bei nafuu. Kila mara kuna karatasi inayosema yote yako sawa. Na mara nyingi mno kuna nchi isiyo na maabara ya kutosha kuuliza, inayonunua dawa kutoka nchi ambayo hukagua zaidi dawa inazobaki nazo kuliko zile inazouza nje. Kupima kwenyewe si kazi ya sayansi ya anga. Kuna njia rahisi ya kudondoshea tone kwenye bamba na kulitazama likipanda, ambayo maabara ndogo inaweza kuimudu. Tone moja kwa kila pipa. Watoto wale wote walikosa tone moja.

Kisheria sisi hapa si wageni wa jambo hili. Sheria ya Famasia na Sumu ilianza kutumika 1957, kabla ya uhuru, na mpaka leo bodi inayoisimamia inabeba maneno yote mawili kwenye jina lake. Zamani nililiona jina la kuchekesha, kama "Bodi ya Harusi na Matanga". Usiku ule halikunichekesha. Dawa na sumu hukaa kwenye pipa la aina moja, na kazi ya bodi ni kujua lipi ni lipi. Tahadhari ile ya Aprili ilikuwa bodi ikifanya kazi yake. Tanzania, Rwanda, Zimbabwe na Afrika Kusini nazo ziliondoa dawa hiyo sokoni. Ila tulijua kwa sababu mtu fulani huko Nigeria, nchi iliyokwisha kuzika watoto kwa sababu hii mara mbili, alichukua chupa dukani akaipima.

Lakini haitakuwa haki nikiwaacha na picha kwamba gliserini halisi na ndugu zake ni malaika. Hawa nao wana vipimo vyao.

Sorbitoli ikiwa nyingi tumboni inavuta maji pale utumboni kama inavyoyavuta kwenye ngozi, na utakimbia choo. Ndiyo maana Ulaya pakiti zenye nyingi huandikwa onyo. Ikiwa umewahi kumaliza pakiti nzima ya peremende zisizo na sukari ukajuta, sasa unajua ulirogwa na nani. Zailitoli, ambayo Wafini walianza kuitia kwenye chingamu 1975 baada ya utafiti wa mjini Turku kuonyesha kwamba inalinda meno, ni salama mdomoni mwako lakini inaweza kumuua mbwa wako, kwa sababu mwili wa mbwa hudhani ni sukari na kushusha sukari ya damu ghafla. Mnamo 2023 na 2024 tafiti za Marekani zilionyesha kwamba watu wenye erithritoli au zailitoli nyingi kwenye damu walipata mshtuko wa moyo na kiharusi zaidi. Hilo bado si ushahidi kwamba alkoholi hizo ndizo zilizosababisha, lakini ni sababu ya kutokunywa utamu wa namna hiyo kama maji.

Na gliserini yenyewe? Huko Uingereza hutiwa kwenye vile vinywaji vya barafu laini vya rangi kali, ili visigande vikiwa havina sukari nyingi. Watoto wadogo walivinywa haraka, sukari ya damu ikashuka, wakazimia. Mnamo 2023 mamlaka ya chakula ya huko ilisema vinywaji hivyo visiuzwe kwa watoto wa miaka minne kwenda chini. Mnamo 2025 wakapandisha: aliye chini ya miaka saba asinywe kabisa. Ni kitu kile kile cha kwenye kimeza cha shosho. Kwenye kisigino ni dawa, kwenye keki ni ulaini, na kwenye tumbo dogo lenye njaa kikiwa kingi ni hatari. Kilichobadilika ni kiasi na mwili unaokipokea.

Saa nane na dakika kumi usiku, dada yangu alimbeba mtoto ili nibadilishe shuka. Nepi alikuwa amemvua. Mtoto akashtuka, akamtazama mama yake usoni, na akamkojolea kuanzia kifuani hadi magotini.

Sijawahi kuona mtu akifurahia mkojo vile. Dada yangu alisimama pale katikati ya chumba, amelowa, anacheka na kulia. "Mwache amalize," alisema. "Aki, mwache amalize."

Asubuhi tulienda kituo cha binafsi, tukalipa tulichokuwa nacho, wakachukua damu. Figo zilikuwa sawa. Chupa tuliirudisha kwa kemisti, ambaye alikuwa amekwisha kuondoa zake kwenye rafu. Hatukuwahi kujua nambari ya bechi yetu ilikuwa ipi. Huenda haikuwa yenyewe kabisa, na huenda hatukuwa na sababu ya kukesha. Wazazi wa Gambia nao walikuwa na vijiko, vikohozi na imani kama yetu. Tofauti kati ya sebule yao na yetu haikuwa akili wala upendo.

Mwezi wa nane nilienda Nyeri. Shosho sasa macho yake yamechoka, ananiomba nimsomee vitu. Nilikuwa nimemnunulia chupa mpya ya gliserini kwenye supamaketi ya mjini. Akaipapasa, akauliza imeandikwaje.

"Gliserini BP," nilisoma. "Ya kupaka tu."

"Hiyo BP naijua. Ni ya presha."

Kumbe miaka yote aliamini gliserini yake imeandikwa hivyo kwa sababu ni nzuri kwa wenye presha. Nilicheka hadi nikakohoa. Nikamweleza kwamba herufi zile zinataja kitabu cha Waingereza chenye viwango vya dawa, na kwamba aliyeziandika anadai gliserini hii imefikia viwango hivyo.

Shosho alifikiri kidogo. Alifungua chupa, akamimina tone kiganjani, akalisugua kwa kidole.

"Anadai," alisema. "Na nani alipima?"

Nilimwambia kuna watu ambao kazi yao ni hiyo. Hakuonekana kuridhika, lakini alinyosha mkono akashika wangu, akaanza kunipaka, polepole, kuanzia kwenye vifundo vya vidole, kama nilivyokuwa darasa la tatu.